Kabati la Njano Sebuleni kwa Mama

Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa miaka, ukurasa wako nausoma kabla ya kurasa za michezo na matangazo ya vifo, na siku zote nilikuwa nasoma shida za wenzangu huku nakunywa chai na kutikisa kichwa, sasa zamu yangu imefika. Naomba unishike mkono, maana nimefanya jambo jema likaniharibikia, na kila ninayemsimulia anacheka kwanza ndipo ananionea huruma. Wewe anza na huruma tafadhali.

Mimi nashona mapazia na makava ya makochi, mume wangu anaandika mabango ya maduka, na tangu baba afariki na mama aende kukaa kwa kaka yangu, sisi ndio tunaoishi katika nyumba ya familia, nyumba ya zamani aliyoijenga babu mzaa baba ambaye alikuwa seremala, yenye dari ya juu na milango mizito inayolia. Tulipohamia ilikuwa imepoa, kuta rangi ya uji wa jana, nikamwomba mama ruhusa tuichangamshe kidogo, akaniambia kwa simu, "Fanyeni mnavyotaka, wanangu." Basi tukafanya.

Mume wangu hatupi rangi. Kila bango likiisha hubaki na kiasi ndani ya kopo, na nyumba yetu imepakwa kwa masalio hayo. Ukumbi ni kijani cha duka la dawa, jikoni ni buluu ya kinyozi, bafu ni waridi la saluni, na mlango wa mbele ni mwekundu wa bucha, ila huo hatumwelezi mgeni ulikotoka. Mimi upande wangu ni mnada, Mungu anisamehe, nikipita pale siwezi kurudi mikono mitupu. Nina viti vinne vilivyoshikana vya jumba la sinema lililofungwa, nimevivisha kitambaa cha maua, nina kioo cha kinyozi chenye ufa, nimetoboa karai nikalifanya kofia ya taa, na nina redio ya mbao isiyo na utumbo ambamo naweka vitunguu. Majirani walianza kwa kunicheka, sasa wanaleta wageni wao kutazama, na siku hizi nimepata hata wateja wanaotaka sebule zao "ziwe kama kwa yule wa redio ya vitunguu". Nasema ukweli, mshauri, sijawahi kupenda mahali kama ninavyoipenda nyumba hii, asubuhi nikitoka chumbani nakutana na kijani kile najikuta natabasamu peke yangu kama mtu aliyesifiwa.

Sasa kaka amehamishwa kikazi, mama akasema hawezi tena kujifunza mji mwingine, anarudi kwake. Nikafurahi mno, nikawa natafuta kitu cha kumkaribisha nacho. Ndipo siku moja mnadani, nyuma ya rundo la vitanda vya chuma, nikaliona kabati. Mshauri, nililijua kabla sijalifikia. Lilikuwa kabati la vyombo la sebuleni kwetu nilipokuwa mtoto, babu alilitengeneza kwa mikono yake ampe bibi, lina vioo vilivyochongwa ua na juu yake lina alama nyeusi ya pasi ya mkaa ambayo kaka aliiweka hapo akachapwa. Nilipokuwa bado shule ya msingi nilirudi siku moja nikakuta halipo, mama akatuambia limeliwa na mchwa, amelikata kuni. Baba alikuwa safarini, aliporudi alisikitika, shangazi yangu, dada yake baba, alisikitika, nyumba nzima ikaliomboleza kama mtu. Na leo limesimama mbele yangu na miguu yake yote minne! Nikajisemea labda mama alichanganya, labda mchwa walikula kingine, sikutaka maswali siku ile, nililipia nikalipandisha kwenye mkokoteni nikatembea nalo bega kwa bega hadi nyumbani.

Tukaliweka sebuleni, kwenye ukuta wa kando ya dirisha, na mume wangu akalipaka njano, njano kama kiini cha yai, pembeni nyekundu. Na kwa kuwa ni mwandika mabango na hawezi kuona ubao mtupu akauacha, akaandika juu kwa herufi kubwa zenye kivuli, KARIBU NYUMBANI MAMA.

Shangazi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuliona. Alisimama, akalipapasa ubavu kwa kiganja, akasema, "Huu mvule baba aliuchagua mwenyewe. Mchwa wakiuonja wanang'oka meno." Akacheka huku anafuta machozi. Akaniuliza nimelipata wapi, nikamwambia mnadani, akasema, "Haya. Mama yako akija usimchoshe na maswali, mwanangu." Akaniambia mwisho wa mwezi atakuja na ndugu wote kumkaribisha wifi yake, na ataleta vile vikombe vya bibi alivyovihifadhi, virudi mahali pake.

Mama akaja. Akaanza kucheka tangu mlangoni. Bafuni akasema, "Hapa mtu anaoga ndani ya pipi." Redio akaifungua, akaona vitunguu, akasema, "Basi ndiyo maana habari za siku hizi zinatoa machozi." Akakaa kwenye viti vya sinema, akaomba filamu ianze. Mume wangu akawa anang'aa kuliko rangi zake. Tukamshika mkono tukamwingiza sebuleni.

Alilitazama kabati. Akasoma maandishi. Akatoka, mshauri, akaenda jikoni akaketi. Tangu siku ile sebuleni haingii. Chakula anakula jikoni, wageni anapokea barazani, na begi lake hajalifungua, anachomoa gauni moja moja kama mtu aliye kituoni anayesubiri gari, na nimemsikia anamwambia kaka kwa simu kwamba huko walikohamia labda si kubaya sana.

Nilimbana tukiwa tunamenya viazi. Nikamwambia, "Mama, nimekukosea nini?" Akasema, "Hujanikosea, mwanangu. Ila lile kabati mimi siwezi kuishi nalo nyumba moja." Ndipo akanieleza. Alipoolewa aliletwa katika nyumba ile, na ufunguo wa kabati bibi aliuvaa shingoni. Mama akitaka kikombe cha kumpa mgeni wake, aombe. Mgeni akiondoka, bibi akague. Kabati lenyewe lilisukumwa mbele ya dirisha la sebule kwa kuwa ndipo lilipoenea, kwa hiyo dirisha lile halikuwahi kufunguliwa. Bibi alipofariki mama alidhani sasa yamekwisha, lakini baba akatundika ufunguo ukutani akasema vitu vya mama yake visiguswe. "Nikavumilia," mama akasema, "hadi baba yako aliposafiri, akapita mtu wa mkokoteni anabadilishana vitu, nikampa kabati akanipa meza nyepesi ya kukunja. Nikafungua dirisha. Siku ile nilikaa pale dirishani nikatazama watu wanapita mpaka chakula kikaungua."

Na mchwa? "Ningesema nini? Wifi yangu alikuja anauliza, nikaenda banda la babu yako nikachota unga wa msumeno, nikamwaga pale chini, nikamwambia unaona walivyolifanya." Akajifunika uso kwa kanga. "Mwenye kabati ni baba yake, mwanangu. Akilikuta hapa na mimi nimo humu, ataniita mwongo mbele ya ukoo mzima, na atakuwa na haki."

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba shangazi ameshaliona.

Sasa mume wangu anasema tuseme hilo ni kabati jingine, pacha wake, babu alitengeneza mawili. Rafiki yangu mmoja anasema nilirudishe mnadani nijifanye sijui lolote. Mimi nikilirudisha shangazi atakuja na vikombe vyake akute ukuta mtupu, na nikiliacha mama ataondoka, na akiondoka safari hii najua hatarudi. Mume wangu naye ameanza kununa, anasema hiyo ndiyo kazi yake nzuri kuliko zote, na mimi nimeshashona pazia la kuendana nalo. Nilitaka nyumba iwe na furaha, mshauri, na karibu ilikuwa nayo. Nifanye nini kabla ya mwisho wa mwezi?

Ni mimi,
Mshona Makava


JIBU

Marahaba, Mshona Makava. Huruma uliyoiagiza hii hapa, ichukue upesi kwa sababu sina nyingi. Pole. Una moyo mzuri na jicho zuri, na ningekuwa karibu ningekuja kuona bafu hilo. Kuchangamsha nyumba kuukuu si kosa, na mtu asikutishe. Mama yako mwenyewe alicheka kuanzia mlangoni hadi kwenye viti vya sinema, na mwanamke wa umri wake hachekeshwi na rangi asizozipenda.

Sasa tuje kwenye kabati. Binti yangu, uliambiwa tangu utotoni kwamba limeliwa na mchwa na likakatwa kuni. Ukalikuta mnadani lina miguu minne, vioo na alama ya pasi. Na hukujiuliza? Kuni gani hizo zilizojiunga tena zikasimama sokoni zikisubiri mteja? Hukuuliza kwa sababu ulikuwa umelipenda, na mpenda vitu vya kale ana ugonjwa mmoja, anadhani kila kilichopotea kilipotea kwa bahati mbaya. Vingine vilifukuzwa. Umemrudishia mama yako mama mkwe wake ndani ya nyumba, tena umempaka njano.

Na mumeo, mpe salamu zangu, mwambie mkono wake nausifu ila ule ubao angeuacha mtupu. KARIBU NYUMBANI MAMA? Nyumba ya nani? Mwenye nyumba hakaribishwi kwake. Mama yule aliingia pale akiwa bi harusi akakaribishwa na kabati lile lile, na uzeeni tena kabati hilo hilo linamkaribisha. Hata mimi ningeenda kukaa jikoni. Kama ni kweli kazi yake nzuri kuliko zote, atafanya nyingine nzuri kuliko hiyo, anune kidogo kisha apike chai.

Hadithi ya pacha iacheni leo hii. Njia ya mwongo ni fupi, na hiyo yenu haifiki hata getini. Ya kulirudisha mnadani kimyakimya nayo iacheni, mtamwacha mzee wa watu amesimama na vikombe mkononi.

Lakini kuna jambo umeliandika mwenyewe na hukulisoma. Soma tena alichosema shangazi yako alipolipapasa lile kabati. Mvule, mchwa wakiuonja wanang'oka meno. Huyo ni binti wa seremala, Mshona Makava! Amekulia ndani ya banda lile. Kisha mtu anamwagia unga wa msumeno sakafuni anamwambia ni kazi ya mchwa, wewe unadhani aliamini? Alijua siku ile ile. Alijua kabati limetoka na miguu yake, na alijua kwa nini, maana alimfahamu mama yake na ule ufunguo shingoni kuliko ninyi nyote. Akafunika kombe. Akarudi nyumbani akasikitika pamoja na wengine ili wifi yake asiumbuke, na amenyamaza tangu wewe ukiwa mtoto wa shule. Hata juzi alikuonya usimchoshe mama yako kwa maswali. Mtu asiyejua haonyi hivyo. Mama yako anamwogopa mtu ambaye amemlinda miaka yote hii, na wewe una habari hizo mkononi umekaa unamenya viazi.

Ninaweza kukosea, simjui shangazi yako. Ila kama nimekosea, mvule nao umebadilika.

Kwa hiyo utafanya hivi. Kwanza mwambie mama yako kwamba shangazi ameshaliona. Usimfiche, ni utu uzima wake huo unaouchezea. Mweleze maneno aliyosema, yale yale, usitie chumvi na usimweleze maana yake. Ameishi na wifi yake huyo muda mrefu, maana ataipata mwenyewe. Halafu ondoka jikoni. Kitakachofuata ni cha wao wawili, akitaka kumpigia simu atapiga, akitaka kumngoja atamngoja, na wewe usiwe mshenga wala msikilizaji mlangoni. Mambo ya mawifi waliozeeka pamoja hayahitaji fundi.

Pili, kabati lipelekwe kwa shangazi kabla ya mwisho wa mwezi, kwa ridhaa ya mama yako. Baba yake ndiye aliyelitengeneza, vikombe anavyo, mwenye kiu nalo ni yeye. Kwake litakuwa ukumbusho wa baba. Kwa mama yako litabaki kuwa askari mlangoni, hata ulipake rangi zote za dunia. Mumeo afute yale maandishi, ila njano aiache kama shangazi ameipenda. Na ndugu wakija kumkaribisha mama yako wanywe chai katika vikombe vyovyote vilivyopo, ilimradi ni yeye anayemimina na hakuna anayemkagua.

Tatu, na hapa nakujua, mkono utakuwasha. Ukuta ukibaki wazi usikimbilie mnadani kutafuta cha kuuziba. Lile pazia ulilolishona likunje uliuze. Dirisha libaki dirisha, na mbele yake weka kiti kimoja tu, kisha usiguse kitu kingine sebuleni humo.

Nimebakiza la mwisho, na ndilo lililokuleta kwangu hata kama hukulijua. Unasema ulimwomba ruhusa akakujibu, "Fanyeni mnavyotaka." Wewe ulisikia ruhusa. Mwanamke aliyeomba kikombe ndani ya nyumba yake mwenyewe hana jibu jingine, hilo ndilo alilojifunza kusema humo ndani. Mama mkwe wake alipanga nyumba ile, kisha akapanga mumewe, sasa mmepanga ninyi, kwa mapenzi mengi na rangi nzuri, lakini mmepanga ninyi. Hataondoka kwa sababu ya kabati. Ataondoka kwa sababu hajaona alama yake popote.

Basi kesho asubuhi kaa naye, usiende na kopo la rangi wala kipande cha kitambaa. Usimuulize kama amependa, maana atasema amependa. Muulize anataka chumba chake kiweje, kisha nyamaza. Akisema cheupe, kiwe cheupe, hata moyo wako ukilia. Na akichelewa kujibu usimharakishe, binti yangu, ndiyo mara ya kwanza anaulizwa.